Utii wa Kushusha Kisu

Ufikapo mwezi wa Desemba, wakati sisi wengine tunapotengeneza pango la Noeli, wako wasichana katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, wanaotoroka makwao usiku. Wanamkimbia ngariba. Siku ya kukeketwa imekwisha kutangazwa na wazee wa mila, na mara nyingi baba mzazi ndiye aliyekubali. Baadhi yao hupokelewa katika Kituo cha Masanga, wilayani Tarime, kilichoanza kazi hiyo mwaka 2008. Wengine hufika Nyumba Salama ya Mugumu, wilayani Serengeti, iliyofunguliwa mwaka 2014.

Je, msichana huyo amevunja Amri ya Nne? Swali hili si la mzaha, nasi tusilikwepe, maana katika nyumba zetu tumewafundisha watoto kutii kabla hawajajua kusoma. Kanisa lafundisha kwamba mtoto awatii wazazi wake katika yote yanayomfaa yeye na jamaa. Lakini dhamiri yake ikimthibitishia kwamba jambo aliloamriwa ni ovu, amri hiyo haimfungi. Katekisimu ya mwaka 1992 yasema hivyo waziwazi, na mahali pengine yahesabu kukata kiungo cha mtu asiye na kosa, pasipo haja ya tiba, kuwa ni kinyume cha sheria ya maadili.

Mashahidi wa Uganda walilijua jambo hili. Mbaga Tuzinde alilelewa kama mwana na Mukajanga, mkuu wa wauaji wa Kabaka Mwanga. Mukajanga alimsihi aiache dini apate kupona. Kijana alikataa, akafa Namugongo mwezi Juni 1886. Alikuwa mtumishi wa ikulu, na kutumwa alikuzoea. Neno alilolikataa lilikuwa moja tu, lile lililomtenga na Mungu.

Tusidhani kwamba vijana wa namna hii huzaliwa na moyo wa simba. Binti wa miaka 12 avukaye mashamba gizani anaogopa fisi, anaogopa kaka zake, na zaidi anaogopa kesho: kuitwa omosagane, jina la Kikurya la msichana asiyekeketwa, na kuchekwa nalo kisimani na sokoni. Hofu haimtoki kwanza ndipo aende. Anakwenda nayo; nguvu hupewa njiani, hatua kwa hatua, kwa kuwa amelishika neno alilolisadiki.

Lakini kwa hakika somo hili ni letu sisi akina baba kuliko la mabinti. Mara nyingi twahubiriwa juu ya Abrahamu aliyempandisha Isaka mlimani, nasi twasahau kwamba alitii mara mbili. Sauti ya pili ilimkataza kumgusa mtoto, naye, kisu kikiwa mkononi, alikishusha. Baba wa Kikurya anayeikataa mila hii anatakiwa utii huo wa pili, nao una gharama. Wazee watamwambia kwamba ameuletea ukoo laana. Mahari ya binti yake huenda ikapungua ng'ombe kadhaa, na labda ndio ng'ombe ambao kaka wa binti anawangojea ili naye aoe. Mama atasemwa na wakwe. Sisi tulio mbali, ambao utii wetu hautugharimu hata ndama, tusiwe wepesi wa kuhukumu.

Sheria ya nchi iko upande wa baba huyo: tangu mwaka 1998 kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 15. Mila nayo yapungua, ingawa polepole. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulikuta kwamba asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Ule wa 2022 ulikuta asilimia 28. Twaamini kwamba ndani ya tofauti hiyo ndogo wamo akina baba na akina mama walioshusha kisu, na hakuna gazeti lililoandika habari zao.

Msimu ukiisha, watumishi wa vituo hivyo hukutana na wazazi, na wale wanaoahidi kutomkeketa mtoto hurudi naye nyumbani. Wengine hawaji. Binti hubaki kituoni akiendelea na shule, huku akingoja.

Basi, ndugu msomaji uliye Mara, binti akikupigia hodi usiku wa Desemba, mpe chakula na mahali pa kulala, usimrudishe alikotoka. Asubuhi fuatana naye mpaka Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Nawe uliye mbali, usalipo Rozari jioni pamoja na jamaa yako, mkumbuke na baba yake, kwa maana bado anayo nafasi ya kuja kumchukua.