SOMO LA ROBO HII: Ruzuku ya Jiko Imfikie Mwenye Kipato Kidogo



Katika toleo hili tunapenda kujifunza pamoja namna ya kumsaidia mwenye kipato kidogo apate ruzuku ya jiko linalotumia nishati kidogo na kutoa moshi kidogo. Tumechagua somo hili kwa sababu sisi wenyewe tulikosea, na tusingependa parokia nyingine zirudie kosa letu.

Kwa nini tunazungumzia jiko?

Katika nyumba nyingi za vijijini kwetu nishati inayotumika zaidi si ya taa, ni ile inayowaka chini ya sufuria. Moto wa mafiga matatu hupoteza sehemu kubwa ya joto lake pembeni kabla halijafika kwenye chakula. Gharama yake anaibeba mama: saa za kutafuta kuni, fedha ya mkaa wa kopo kila siku, macho yanayowasha na kikohozi cha mtoto aliye mgongoni. Serikali ya Tanzania inakadiria kuwa watu zaidi ya 33,000 hufariki kila mwaka kutokana na athari za nishati isiyo safi ya kupikia. Mwezi Mei 2024 ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034.

Wakala wa Nishati Vijijini (REA), ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2005, umekuwa ukisambaza mitungi ya gesi ya kilo 6 pamoja na vichomeo vyake kwa nusu bei, na majiko banifu kwa bei ya ruzuku. Lakini misaada hii huja kwa awamu, wilaya kwa wilaya, na kwa idadi maalumu. Asiyejiandaa huikosa.

Tulikosea wapi?

Tulipopata habari kuwa mitungi ya ruzuku inakuja katika kata mojawapo tunayoihudumia, tulitangaza kanisani Jumapili. Mauzo yalikuwa Jumanne. Tulidhani kazi yetu imekwisha.

Siku hiyo walifika watu wengi, lakini wale tuliowakusudia walirudi mikono mitupu. Mjane mmoja alikuwa na fedha, ila hakuwa na kitambulisho cha Taifa wala namba yake. Mzee anayelea wajukuu alikuwa na kitambulisho, ila hakuwa na ile nusu ya bei. Walionunua ni wenye mishahara na wenye maduka. Hawakuiba, walikuwa tayari tu.

Tulijifunza hivi: nusu bei ni nafuu kwa mwenye nusu nyingine. Kwa asiyenayo, bei ya nusu na bei kamili ni mamoja. Hapo katikati ndipo mahali pa kamati ya parokia.

Hatua tano za kamati

1. *Andaeni orodha kabla ruzuku haijatangazwa.* Pitieni Jumuiya Ndogo Ndogo moja baada ya nyingine, kisha mkae na mwenyekiti wa kijiji au mtaa. Anazifahamu pia kaya zilizo katika mpango wa TASAF. Ruzuku ni ya wananchi wote, hivyo orodha isiwe ya Wakatoliki peke yao. Jirani Mwislamu au Mlutheri anakohozwa na moshi uleule.

2. *Shughulikieni vitambulisho mapema.* Tumeona kuwa hapa ndipo wazee na wajane hukwama. Mpangieni kijana mmoja awasindikize kwenye ofisi ya wilaya, kwani safari moja mara nyingi haitoshi.

3. *Wekeni akiba ya ile nusu.* Kikundi cha VICOBA kinaweza kufungua mfuko mdogo wa jiko. Kila mwanachama anachangia kidogo kidogo kila wiki, na ruzuku ikifika fedha ipo. Aliyekopeshwa na mfuko anarudisha kwa awamu, ili na mwingine apate.

4. *Hesabuni gharama ya kesho, si ya leo tu.* Kumbukeni yule mtu wa Injili ya Luka aliyepaswa kuketi kwanza na kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Mtungi ukiisha, ruzuku hairudi, bei ya kujaza ni kamili. Fanyeni hesabu hii pamoja na familia: chukueni bei ya kujaza, gawanyeni kwa siku ambazo gesi itapika, kisha linganisheni na fedha ya mkaa ya siku moja. Hata pale gesi inapokuwa nafuu, kuna ugumu mwingine: mkaa hununuliwa kwa kopo, bali gesi hulipwa yote kwa mara moja. Kama familia haiwezi kuweka akiba ya kujaza, ni afadhali ianze na jiko banifu la kuni au la mkaa. Hakuna aibu katika hilo.

5. *Rudini kutembelea.* Baada ya mwezi mmoja, na tena baada ya miezi sita, nendeni jikoni. Angalieni kama jiko linatumika, kama udongo wake umepasuka, kama mtungi umewekwa mahali penye hewa. Fundisheni pia yale yasiyohitaji ruzuku yoyote: kuni zilizokauka na kupasuliwa ndogo, sufuria yenye mfuniko, maharage yaliyolowekwa usiku kucha.

Neno kwa wafadhili wetu

Mara nyingi mmetuuliza kwa upendo: kwa nini tusinunue majiko na kuyagawa bure? Tulishafanya hivyo miaka ya nyuma. Tulipotembelea baadaye tulikuta baadhi yake yamekuwa viota vya kuku. Wenyewe hawakuwa wavivu. Majiko yale hayakutosha sufuria zao kubwa, na sisi hatukuwauliza kabla ya kununua.

Hivyo basi, tunaomba mchango wenu utumike mahali ambapo ruzuku ya Serikali haifiki: kuanzisha mfuko wa mzunguko, nauli ya kufuatilia vitambulisho, mafunzo na matengenezo. Wapo wachache ambao hata mkopo mdogo ni mzigo, kama vile mzee asiye na nguvu au mgonjwa wa muda mrefu. Hao wapewe bure kabisa, kwa uamuzi wa kamati nzima na si wa mtu mmoja, na majina yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.

Yule mjane sasa ana namba yake ya kitambulisho, na yule mzee ni mwanachama wa mfuko wa jiko. Bado wanapikia mafiga. Awamu nyingine ikija, tunataka wawe wa kwanza kwenye foleni.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika parokia yetu, ni kaya zipi zingekosa ruzuku kama ingekuja kesho? Zingekwama wapi?
2. Nani nyumbani huamua matumizi ya fedha ya jiko, na je, anayepika amesikilizwa?
3. Wapangaji wa chumba kimoja wanaweza kutumia jiko la aina gani kwa usalama?
4. Nani kati yetu atauliza ofisi ya kata na halmashauri, kila robo mwaka, kama kuna awamu mpya?

Andikeni majibu yenu na kuyaleta katika kikao kijacho cha kanda. Tutafurahi kujifunza kutoka kwenu.