Kamera Nne, Kompyuta Moja: Ununue Nini Kwanza?

Studio kubwa za filamu hunasa miondoko kwa kamera za infraredi na suti zilizobandikwa vidoto vinavyong'aa. Nyumbani hakuna suti. Unatega kamera za kawaida tatu au nne kuzunguka chumba, mchezaji anacheza katikati, kisha programu inatafuta viungo vyake katika kila picha na kupiga hesabu kiwiko kilikuwa wapi, goti wapi. FreeMoCap inafanya kazi hiyo bure, na mwendo unaopatikana unaweza kuuingiza Blender ukamvalisha mhusika wako wa katuni. Shida huanza mtu anapokwenda dukani kununua mashine.

Nina pesa ya kompyuta moja tu. Nichukue GPU ya ukubwa gani?

Usianze na GPU, yaani kadi ya picha, ingawa muuzaji atakuanzishia huko. Kazi hii ina hatua mbili: kurekodi na kukokotoa. Kukokotoa kunasubiri. Mashine ikiwa ya taratibu unaiacha usiku kucha, asubuhi unakuta imemaliza. Kurekodi hakusubiri. Fremu iliyodondoka mchezaji akiwa hewani haipo tena, na hakuna kadi itakayoirudisha. Kwa hiyo shilingi ya kwanza iende kwenye njia ambayo picha inapita, kutoka kwenye lenzi hadi kwenye diski.

Baada ya hapo angalia programu yako inataka nini. MediaPipe, ambayo FreeMoCap huitumia kutafuta viungo, inakwenda kwa prosesa peke yake. OpenPose, iliyotoka Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, bila kadi ya NVIDIA itakuchosha.

Kamera mbili zinawaka vizuri, ya tatu inagoma. Mbona kompyuta ina matundu sita ya USB?

Matundu sita si njia sita. Nyuma yake mara nyingi kuna kidhibiti kimoja, na matundu yote yanagawana uwezo wake. Habu ndiyo kabisa: ni sawa na kufunga koki nne kwenye bomba moja la mtaa ukategemea maji yaongezeke.

Tupige hesabu. Kamera ya 1920 kwa 1080 inayotuma fremu 30 kwa sekunde bila kubana picha, kwa baiti 2 kila pikseli, inatoa takriban megabaiti 124 kwa sekunde, yaani karibu megabiti 1,000. USB 2.0 mwisho wake kwenye karatasi ni megabiti 480. Hata kamera moja haipiti! Ndiyo maana kamera hizi hubana picha kwa MJPEG, na programu yako ya kurekodi lazima iambiwe ichague MJPEG. Ikiachiwa yenyewe huenda ikachukua picha isiyobanwa na kukushushia fremu bila kukwambia.

Kuna mtego mwingine uliofichika zaidi. Kamera nyingi, hata zikibana picha, huomba mapema nafasi kubwa ya njia kuliko ile zitakayoitumia. Mbili zikishajitengea nafasi, ya tatu inakuta pamejaa. Kwenye Linux ujumbe unaotokea husema hakuna nafasi iliyobaki kwenye kifaa, na watu hukimbilia kufuta mafaili wakidhani diski imejaa. Diski haina kosa. Kilichojaa ni njia ya USB.

Dawa ni kuongeza vidhibiti. Kuna kadi za PCIe za USB 3.0 zenye vidhibiti vinne, kila tundu na chake. Kuwa macho, maana zipo pia za bei ndogo zenye matundu manne na kidhibiti kimoja, na kwa sura zinafanana. Soma maelezo ya kadi, usihesabu matundu. Na kamera ya USB 2.0 haigeuki kuwa ya 3.0 kwa sababu umeichomeka kwenye tundu la buluu.

Waya nao. USB 2.0 ya kawaida inaishia mita 5. Chumba kikikulazimisha kupita hapo, nunua waya wa kurefusha wenye kikuza mawimbi ndani yake.

Kompyuta za mtumba za ofisini zinafaa?

Zinafaa sana, ila chagua boksi. Dell OptiPlex na HP EliteDesk zimejaa sokoni, na nyingi ni zile nyembamba: zinakubali kadi fupi tu, na pawa saplai yake ni ndogo, yenye plagi za kwao wenyewe ambazo huwezi kubadilisha ovyo. Tafuta ile ya mnara. Utapata nafasi ya kadi ya USB, na baadaye GPU. Kadi kama GTX 1650 inakula wati 75, na yapo matoleo yake yasiyohitaji waya wa ziada kutoka kwenye pawa saplai. RTX 3060 inataka wati 170, hiyo itakudai pawa saplai nyingine. Prosesa yenye viini 6 inatosha kufungua picha za kamera nne kwa wakati mmoja.

RAM na diski je?

RAM GB 16, diski SSD. Picha za kamera nne za 1080 zikishafunguliwa kuwa rangi kamili, baiti 3 kila pikseli, zinafika takriban megabaiti 750 kila sekunde, hivyo programu inayorundika fremu kwenye RAM kabla ya kuandika itajaza GB 16 ndani ya sekunde 20 na kidogo. Chagua inayoandika video iliyobanwa moja kwa moja.

Kamera za 4K si bora zaidi?

Kwa kazi hii, hapana. Mkono wa mcheza ngoma ukienda mita 3 kwa sekunde, kati ya fremu na fremu, kwa fremu 30, unasogea sentimita 10. Kwa fremu 60 unasogea 5. Mimi ningechukua fremu 60 za picha ndogo kuliko 30 za picha kubwa. PlayStation Eye ya mwaka 2007, kamera ya mchezo, inatoa 640 kwa 480 kwa fremu 60, na programu ya iPi Motion Capture inaikubali.

Kamera za wavuti hazina waya wa kuzifungamanisha, kila moja inapiga kwa saa yake, kwa hiyo fremu unazozilinganisha zinaweza kupishana hadi nusu ya muda wa fremu moja. Kuongeza fremu kunapunguza pengo hilo. Nunua kamera za aina moja, zima fokasi ya kujiendesha na mwanga wa kujiendesha. Fokasi ikihama, vipimo vya kamera ulivyochukua kabla ya kurekodi kwa kuzionyesha ubao wa miraba kama wa drafti havifai tena. Mwanga wa kujiendesha, chumba kikiwa na giza, hushusha idadi ya fremu kimyakimya, kwa hiyo taa mbili nzuri zinaweza kukufaa kuliko kubadilisha kamera. Umeme wetu ni wa hezi 50: weka shata 1 kwa 100, au 1 kwa 50 ukirekodi fremu 30, la sivyo taa za bei rahisi zitachora michirizi kwenye picha.

Kwa nini nisitumie simu zilizopo nyumbani tu?

Inawezekana, na unakwepa balaa lote la USB kwa sababu kila simu inajirekodia. OpenCap ya Chuo Kikuu cha Stanford inatumia iPhone au iPad mbili, ukokotoaji ukifanyika kwenye seva, hivyo andaa bando. Kwa simu za Android na programu nyingine, piga kofi moja kubwa mwanzoni ili uzilinganishe kwa sauti. Zima kituliza picha, maana kinakata na kusogeza fremu. Kisha badilisha video ziwe na idadi ya fremu isiyoyumba, kwa programu kama FFmpeg, kabla ya kuzilisha popote. Simu nyingi hupunguza na kuongeza fremu zenyewe katikati ya rekodi.

Laptopu au ya mezani?

Umeme unakatika kwako? Laptopu ina betri yake, lakini huwezi kuichomekea kadi ya PCIe, kwa hiyo utaishia kamera mbili au tatu. Ya mezani na UPS ndogo ndiyo ningenunua. Kabla ya kumwita mchezaji, washa kamera zote nne, rekodi dakika kumi chumba kikiwa kitupu, halafu hesabu fremu za kila faili. Idadi zikipishana sana, rudi kwenye kadi na waya.