Somo la Familia: Maji Tunayopunguza na Maji Tusiyopunguza

Leo tuzungumze habari ya maji nyumbani, na nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mwezi wa pili bili yetu ya maji ilikuja karibu mara mbili ya kawaida. Nikawageukia watoto: mnaoga mno, mnaacha bomba wazi! Nililisema hilo wiki nzima. Mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Dodoma kukaa nasi, alikuwa akisikiliza. Siku moja akainuka kitini, akapepesuka. Nilipompima, presha ilikuwa chini na ulimi umekauka. "Mama, unakunywa maji kweli?" Akajibu, "Mwanangu, nimesikia maji ya huku ni ghali. Nimepunguza." Mimi kazini nauguza watu, na nyumbani kwangu mama anashinda na kiu!

Kumbe watoto hawakuwa na hatia. Mwizi alikuwa choo. Kile kizibo cha mpira ndani ya tangi kilikuwa kimechakaa, maji yakawa yanapita kimya kimya usiku na mchana.

Kukipima choo chako ni rahisi. Fungua mfuniko wa tangi, dondoshea matone machache ya rangi ya chakula, kisha mtu yeyote asivute maji kwa dakika 10 au 15. Rangi ikijitokeza kwenye bakuli, choo kinavuja. Kizibo kipya si ghali. Funga koki iliyo chini ya tangi, vuta maji tangi liishe, chomoa kizibo cha zamani uende nacho dukani upate kinacholingana. Kama umepanga, mwandikie mwenye nyumba mapema, usingoje bili. Mwenye mita aisome kabla ya kulala na aisome tena asubuhi kabla bomba halijafunguliwa. Namba ikiwa imesogea na hakuna aliyeamka, kuna mahali panavuja. Na tukumbuke kwamba miji mingi hapa Marekani hutoza maji taka kwa kufuata maji safi yaliyoingia, kwa hiyo choo kinachovuja unakilipia mara mbili.

Kijijini hatukuhitaji mita. Ndoo ya lita 20 ilikaa kichwani, na shingo ndiyo iliyohesabu. Hapa shawa ya kawaida inaweza kutoa lita 9 kwa dakika. Kijana akisimama humo dakika 10, amemaliza ndoo 4 na zaidi. Niliwaambia wanangu hivyo wakacheka. Bibi yao hakucheka. Tumekubaliana dakika 5, isipokuwa siku ya kuosha nywele, maana hapo nimeshindwa na mimi. Yale maji baridi yanayotangulia kabla ya moto tunayakinga kwenye ndoo, ananyweshea mchicha wake. Lakini mwenye mtoto mdogo aimwage au aiondoe ndoo hiyo mara moja. Mtoto anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita chache tu.

Sasa, pale tusipopunguza. Wazee na watoto wanywe maji, hasa joto likianza, isipokuwa yule ambaye daktari amempa kipimo chake kwa ajili ya moyo au figo. Mikono tuinawe kwa sabuni sekunde 20, ila bomba lifungwe wakati wa kusugua. Na walio kwenye nyumba za zamani zenye mabomba ya risasi, asubuhi waache maji baridi yatiririke dakika kadhaa kabla ya kunywa. Maziwa ya unga ya mtoto yasikorogwe kwa maji ya bomba la moto, kwa kuwa maji ya moto hubeba risasi zaidi, na risasi huharibu ubongo wa mtoto. Maji hayo ya kutangulia hayajapotea bure. Yakingeni, muoshee sakafu.

Jumapili hii baada ya ibada nitakuwa kwenye meza ya chai na vichupa vya rangi ya chakula. Kila familia ichukue kimoja, na mje na bili zenu tuzisome pamoja.