Nimempa kila kitu, sasa ana matege

SWALI: Mshauri, nisaidie kabla sijamrudisha huyu mbwa kwa aliyeniuzia. Nilinunua mtoto dume wa German Shepherd akiwa na miezi miwili, kwa pesa ambazo mke wangu hadi leo hajui ni kiasi gani. Sasa ana miezi minne na nusu na miguu ya mbele imeanza kupinda. Na sijamnyima kitu! Anakula ugali wa dona na mapafu, au nyama ya kichwa, jioni maziwa. Duka la dawa za mifugo wameniuzia kalsiamu ya maji, nayo anapewa kila siku. Alfajiri anakimbia nyuma ya pikipiki yangu hadi barabara kuu ili akaze misuli. Mzee jirani anasema nimfunge vijiti miguuni na kumlaza juani. Mimi nataka akue kiasili, bila madawa mengi, aje atishe wezi. Kwa hali ya sasa wezi watamhurumia.
Baba Wawili, Morogoro

JIBU: Baba Wawili, usimrudishe. Ni mapema bado, na mguu uliopinda kwa sababu ya chakula mara nyingi hupata nafuu chakula kikirekebishwa katika umri huu. Lakini kuna kupinda kusikonyooka kwenyewe, na kwa macho hatuwezi kutofautisha. Mpige picha ya eksirei wiki hii. Uko Morogoro, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) wana hospitali ya wanyama, huna haja ya kubahatisha.

Nimeisoma barua yako mara ya pili na naona huyu mbwa hajanyimwa kitu kweli. Amezidishiwa karibu kila kitu isipokuwa muda.

Chupa ya kalsiamu ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Mbwa mzima akipewa kalsiamu nyingi, utumbo huchukua inayohitajika na nyingine hutoka na mavi. Mtoto wa mbwa wa chini ya miezi sita hana uwezo huo wa kukataa; sehemu kubwa ya kinachoingia mwili unakipokea tu. Herman Hazewinkel na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, walilichunguza jambo hili miaka ya 1980 kwa watoto wa Great Dane, na waliozidishiwa kalsiamu wakapata kasoro za mifupa na za gegedu. Mbwa wa aina ndogo huponea mara nyingi. Hawa wakubwa hawana nafasi ya kukosea: German Shepherd huzaliwa na takriban nusu kilo, dume akikomaa ana kilo 30 hadi 40, na sehemu kubwa ya safari hiyo anaimaliza kabla hajatimiza mwaka.

Mshike mguu wa mbele, kati ya kiwiko na kifundo. Humo mna mifupa miwili iliyolala sambamba. Ule wa nyuma hurefuka zaidi kutokea kwenye bamba moja tu la gegedu, pale chini karibu na kifundo. Bamba hilo likidumaa, mfupa wa nyuma unabaki mfupi huku wa mbele ukiendelea kurefuka, na kwa kuwa imeshikamana, ule mrefu hauna pa kwenda isipokuwa kupinda. Vijiti vya mzee jirani, kwa heshima zote, havifiki huko. Vitamchubua ngozi na kumbana damu, basi.

Utauliza: kwa hiyo niache kalsiamu kabisa? Hapo ndipo penye ugumu, maana chakula unachompika chenyewe kina upungufu. Nyama tupu na mapafu yana fosforasi mara 15 au zaidi ya kalsiamu yake. Pumba iliyomo kwenye dona nayo huing'ang'ania kalsiamu utumboni isifyonzwe vizuri. Mtoto wa mbwa akiishi kwa chakula hicho peke yake, mwili unachota kalsiamu kwenye mifupa yake mwenyewe, na hilo nalo huleta matege. Sasa wewe una sufuria yenye upungufu na chupa yenye pengine ziada, na hakuna anayejua hesabu imeishia wapi. Chagua njia moja.

Njia ya kwanza ni chakula kamili cha dukani kilichoandikwa kuwa ni cha watoto wa mbwa wa aina kubwa. Soma kifuko: kalsiamu iwe karibu asilimia 1.2, na isizidi 1.8. Ukichagua hicho, usiongeze kalsiamu yoyote juu yake, hata tone.

Njia ya pili ni jikoni kwako, nayo ndiyo ya asili unayoitaka, lakini ni asili yenye mizani. Dagaa wazima na mifupa yao, mayai, nyama, wali au ugali wa sembe, mboga kidogo, na unga wa maganda ya mayai uliosagwa laini. Kiasi cha unga huo akupangie daktari wa mifugo kwa uzito wa mbwa. Kijiko kimoja cha chai, kilichosawazishwa, kina karibu gramu 2 za kalsiamu, kwa hiyo ukikadiria kwa jicho utajikuta umerudi kwenye chupa. Vitunguu usitie, mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe. Na mahindi yaliyoota ukungu ambayo ninyi hamwezi kula, mbwa naye asile. Sumukuvu huharibu ini lake na kumuua. Maziwa kama yanamharisha, acha.

Kisha usimnenepeshe. Najua sifa ya mtoto wa mbwa mtaani kwetu ni tumbo. Marekani walifuatilia Labrador 48 maisha yao yote, nusu wakila asilimia 25 pungufu ya wenzao. Matokeo yalichapishwa 2002: waliopunjwa waliishi muda wa kati wa miaka 13, walioshiba zaidi miaka 11.2, na viungo vyao viliharibika mapema. Pitisha kiganja ubavuni mwa mbwa wako. Mbavu uzihisi bila kubonyeza, na ukimtazama kutoka juu aonekane ana kiuno. Mgawie chakula mara tatu kwa siku na uondoe bakuli akimaliza.

Pikipiki, tafadhali, achana nayo leo. Mabamba ya mifupa ya mbwa wa ukubwa huu hufunga akiwa na mwaka mmoja hadi mmoja na nusu, na hadi hapo kumkimbiza kwa mwendo usio wake kwenye lami ni kumponda. Simaanishi umfunge mnyororo siku nzima, hilo nalo ni kosa. Watafiti wa Norwe katika matokeo ya 2012 waliona kwamba watoto wa mbwa wa aina kubwa waliopanda ngazi kabla ya miezi mitatu walipata zaidi ugonjwa wa nyonga, na walioachiwa kucheza huru kwenye ardhi laini isiyo tambarare waliupata kwa uchache. Mwachie uwanjani acheze na achoke mwenyewe, alale. Kama sebule ina vigae vya kuteleza, asicheze humo.

Jua halina ubaya, ila lisitarajiwe kutengeneza mifupa. Ngozi ya mbwa haiwezi kutengeneza vitamini D ya kutosha kama yetu; anaipata kwenye samaki, kiini cha yai na ini kidogo. Na kabla jirani mwingine hajakushauri kumlisha pilipili ili awe mkali: itamuunguza tumbo tu.

Limebaki hilo la "bila madawa mengi". Kwenye chakula nakuunga mkono. Kwenye chanjo sikuungi, kwa sababu una watoto wawili, na kichaa cha mbwa dalili zikishajitokeza kwa binadamu ni kifo. Toa ile kadi uliyopewa na muuzaji. Chanjo ya kichaa ilipaswa kuchomwa akiwa na miezi mitatu, na zile za parvo na distempa zirudiwe hadi wiki ya 16. Angalia pia tarehe za dawa ya minyoo. Kama kurasa hizo ni tupu, mwambie daktari utakapompeleka eksirei, azianze siku hiyo hiyo, na hadi azikamilishe mbwa asizurure mtaani kukutana na mbwa usiowajua.