Kununua Kompyuta ya Mezani: Skrini Ndani ya Mashine au Skrini ya Pekee?

Mlaji anayeingia dukani kununua kompyuta ya mezani hukutana na bidhaa za namna mbili. Ya kwanza ni ile ambayo skrini na mashine vimo katika mwili mmoja. Wauzaji huiita ol-in-wani, nasi katika somo hili tutaiita kompyuta ya pamoja. Ya pili ni ile iliyozoeleka tangu zamani, yenye kasha lake pembeni, ambalo mtaani huitwa sipiyu, na skrini yake peke yake, ambayo wengine huiita monita na wengine kioo. Mara nyingi muuzaji humwuliza mteja ipi imempendeza. Sisi tungependa mteja naye aulize: siku mashine itakapokufa, skrini itakuwa na kazi gani?

Swali hilo lina uzito kwa sababu skrini na mashine havizeeki kwa mwendo mmoja. Skrini nzuri ya inchi 24, ikitunzwa, yaweza kumtumikia mwenyewe miaka kumi na zaidi, kwa maana kazi yake ni moja tu, kuonyesha picha inayoletewa. Mashine huzeeka upesi zaidi, na si kwa kuharibika tu. Programu hukua, kumbukumbu iliyokuwa ikitosha huwa haitoshi, na mwishowe mtengenezaji wa mfumo endeshi huacha kuihudumia. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha usaidizi wa kawaida wa Windows 10. Kompyuta zilizokuwa na mfumo huo hazikuzimika siku hiyo, lakini zilikoma kupata marekebisho ya bure ya usalama yaliyokuwa yakiletwa kila mwezi, isipokuwa zile zilizoandikishwa katika mpango wa nyongeza. Nyingi kati ya hizo hazikubaliki rasmi katika Windows 11, kwa kuwa prosesa zake ni za vizazi vya nyuma mno. Mwenye skrini ya pekee hubadilisha kasha, skrini ikabaki pale pale mezani. Mwenye kompyuta ya pamoja hulazimika kuvitupa vyote viwili.

Tuchukue mfano wa mama mwenye duka la steshenari karibu na shule ya sekondari. Amekopa kwenye kikundi, akanunua kompyuta ya pamoja iliyokwisha kutumika ng'ambo, nzuri kwa sura, yenye kioo kikubwa. Huchapa barua, hutoa nakala, na katika msimu wa maombi ya vyuo wanafunzi hupanga foleni mlangoni pake tangu asubuhi. Siku moja umeme unakatika, na unaporudi unarudi kwa nguvu isiyo ya kawaida. Kompyuta haiwaki tena. Fundi anaieleza hali: kilichoungua ni sehemu ya kugawa umeme iliyo ndani, na ili kuifikia yampasa kwanza aivue skrini, kazi inayotaka uangalifu maana kioo kikipasuka hasara inakuwa mara mbili. Zaidi ya hayo, sehemu hiyo imeundwa kwa ajili ya toleo lile peke yake, na dukani kwake hana. Skrini ni nzima kabisa. Hata hivyo haimfai mama huyu kwa lolote, na foleni inahamia duka la jirani huku marejesho ya mkopo yakiendelea kudaiwa.

Lau angalikuwa na skrini ya pekee, angalibeba kasha tu kulipeleka kwa fundi. Sehemu ya umeme ya kasha la ukubwa wa kawaida hupatikana kwa urahisi, mpya na hata ya mtumba, na fundi huifungua kwa bisibisi moja. Tena, alasiri ile ile angaliazima kompyuta mpakato ya ndugu, akaichomeka kwenye skrini na mashine yake ya kuchapia, na kazi ingaliendelea.

Hapa pana kosa tunalotaka kulieleza kwa kirefu, kwa sababu huwanasa hata watu wenye ujuzi. Mnunuzi huona nyuma ya kompyuta ya pamoja tundu la HDMI, akajiambia: mashine ikifa, nitachomeka nyingine hapa na kuitumia skrini. Sivyo ilivyo. Tundu hilo kwa kawaida ni la kutoa picha, ili mwenye kompyuta aongeze skrini ya pili au projekta; halipokei picha kutoka nje. Ziko kompyuta chache za pamoja zenye tundu la kupokea, nalo huandikwa HDMI IN. Hata kwa hizo, kama sehemu ya umeme ya ndani imekufa, skrini nayo haiwaki. Muuzaji akikuambia kwamba tundu linapokea, mwombe akuonyeshe pale pale kwa waya na kompyuta nyingine. Maneno matupu hayatoshi.

Historia ya kompyuta ya pamoja iliyo mashuhuri kuliko zote inafundisha jambo hilo hilo. Apple ilitoa iMac ya kwanza mwaka 1998, na sifa yake kubwa ilikuwa kwamba mnunuzi huitoa katika sanduku, akachomeka waya wa umeme na wa simu, akaanza kazi. Baadhi ya iMac zilizotengenezwa kuanzia mwaka 2009 zilikuwa na uwezo wa kugeuzwa skrini ya kompyuta nyingine. Zilipokuja zile za inchi 27 zenye picha kali zaidi, mwaka 2014, uwezo huo haukuwamo. Ndiyo maana leo unaweza kukuta katika maduka ya mitumba iMac yenye kioo cha kupendeza sana kwa bei inayoshawishi. Kioo hicho kimefungwa katika mashine ya zaidi ya miaka kumi, na hakiwezi kutumika nje yake bila ufundi wa kukifumua na kukiwekea ubao mwingine. Mwezi Machi 2022 kampuni hiyo hiyo ilileta skrini ya pekee ya inchi 27, na iMac ya ukubwa huo ikaondolewa katika orodha ya mauzo.

Hatusemi kwamba kompyuta ya pamoja haina mahali pake. Mapokezi ya zahanati yenye meza ndogo, kaunta ya hoteli ambako wageni hutazama nyaya zote zilizotapakaa, nyumba yenye watoto wadogo wanaopenda kuvuta kila kinachoning'inia: hapo mwili mmoja na waya mmoja ni faida ya kweli. Kamera, maikrofoni na spika huwa zimo tayari. Ofisi yenye fedha za kubadilisha vifaa kila baada ya miaka michache, na yenye mkataba wa matengenezo, haitaumizwa sana na hasara tuliyoieleza. Mwenye kuamua kuinunua tunamshauri achague ile ambayo adapta yake ya umeme iko nje, kama ya kompyuta mpakato, kwa kuwa adapta ya nje ikiungua hubadilishwa bila kuvua kioo. Aulize pia kama kumbukumbu na diski zaweza kuongezwa. Katika baadhi ya kompyuta hizi kumbukumbu imeungwa moja kwa moja kwenye ubao mkuu, ule ambao mafundi huuita mazabodi. Gigabaiti 8 ulizonunua leo ndizo utakazokufa nazo.

Iko njia ya tatu ambayo wauzaji hawaitangazi sana, nayo ndiyo tunayoipendelea kwa mlaji wa kawaida. Ni kununua skrini ya pekee pamoja na kompyuta ndogo yenye ukubwa unaokaribia kitabu kinene. Kompyuta hizi, za Dell, HP na Lenovo, zilitumika kwa wingi katika maofisi ya Ulaya na Marekani, na sasa zimejaa katika soko la vilivyokwisha kutumika. Nyuma ya skrini nyingi kuna matundu manne ya skrubu yaliyopangwa kwa umbali wa milimita 100 kila upande. Kwa kibao kinachofaa, kompyuta ndogo hufungwa hapo, isionekane. Ukiitazama kwa mbele, meza ni safi kama ya mwenye kompyuta ya pamoja. Ukiigeuza, kila kitu hufunguka kivyake. Tena haili umeme mwingi, jambo lenye maana kwa anayetumia jua au UPS ndogo.

Na kama tayari unayo kompyuta mpakato inayofanya kazi vizuri, huenda hukuhitaji kompyuta nyingine hata kidogo. Linalokuchosha ni kioo kidogo na shingo iliyoinama. Nunua skrini, kibodi na kipanya, nawe una kompyuta ya mezani mchana na kompyuta ya safari jioni. Tumewahi kuwapa ushauri huu watu waliokuja wakiwa wameshatenga fedha za mashine nzima, na baadhi yao hawakufurahi kuusikia.

Uamuzi ukishafanyika, kazi iliyobaki ni ya dukani, na hapo haraka haifai.

Anza na prosesa. Kwa zile za Intel, tazama tarakimu zinazofuata kistari. Iliyoandikwa i5-6500 ni ya kizazi cha sita. I5-8500 ni ya kizazi cha nane. I5-10400, yenye tarakimu tano, ni ya kizazi cha kumi. Windows 11 kwa kawaida hukubali rasmi kuanzia kizazi cha nane. Muuzaji anaweza kukuonyesha kompyuta ya kizazi cha sita ikiwa tayari imewekewa Windows 11, kwa maana mafundi wana njia za kuukwepa ukaguzi wa mfumo. Lakini Microsoft haiahidi kwamba kompyuta ya namna hiyo itaendelea kupokea marekebisho. Usiridhike na maneno "Core i5" peke yake, kwani jina hilo limetumika tangu mwaka 2009.

Kwa kasha la zamani lililotoka Marekani, geuza nyuma utazame karibu na tundu la waya wa umeme. Baadhi yake yana swichi ndogo, mara nyingi nyekundu, iliyoandikwa 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Umeme wetu ni wa volti 230. Swichi ikiwa kwenye 115 na ukachomeka, utasikia mlipuko na harufu kabla hujaona chochote katika skrini.

Skrini iliyokwisha kutumika iwashwe na iachwe ikiwaka angalau robo saa, kwa kuwa taa za nyuma zilizochoka hujificha dakika za mwanzo. Weka picha nyeupe tupu, kisha nyeusi, nyekundu, kijani na buluu, ukitafuta nukta zisizobadilika, mistari, au pembe zenye rangi ya manjano. Tazama matundu yake. Skrini ya zamani yenye VGA pekee itahitaji kigeuzi kwa kompyuta mpya, na kigeuzi hicho hufanya kazi upande mmoja tu: cha kutoa HDMI kwenda VGA hakiwezi kutumika kinyume. Kompyuta ndogo tulizozitaja nyingi hutoa picha kwa DisplayPort, basi hesabu bei ya waya huo kabla hujasema umepata nafuu. Kwa ukubwa wa inchi 24, picha ya nukta 1920 kwa 1080 inatosha kwa maandishi na hesabu; chini ya hapo herufi huanza kuonekana zimechakaa.

Katika kulinganisha bei, jumlisha vyote. Kompyuta ya pamoja huuzwa mara nyingi ikiwa na kibodi, kipanya, kamera na spika, ilhali upande wa pili kila kimoja chaweza kuwa na bei yake. Tofauti ikibaki ndogo, ikumbuke skrini itakayokubakia.

Mwisho ni maandishi. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mnunuzi, na inahesabu masharti fulani ya ubora kuwa yamo katika mkataba wa mlaji hata kama muuzaji hakuyatamka. Lakini madai yasiyo na karatasi ni magumu kuyathibitisha. Dai risiti ya EFD, ambayo kisheria ni wajibu wako kuidai kama ilivyo wajibu wa muuzaji kuitoa. Mwombe muuzaji aandike, kwenye risiti au kwenye karatasi yenye mhuri wa duka, jina kamili la toleo, namba ya prosesa, ukubwa wa kumbukumbu na diski, kama kifaa ni kipya au kimekwisha kutumika, na muda wa dhamana. Akikuambia kwamba tundu linapokea picha au kwamba Windows 11 imekubalika rasmi, hilo nalo liandikwe. Ukinunua skrini na kasha kwa pamoja, viandikwe katika mistari miwili, kila kimoja na bei yake, namba yake na dhamana yake, ili skrini ikileta hitilafu uirudishe yenyewe na kasha lako libaki kazini.