Kona Ndefu na Kiu ya Injini

Injini nyingi zinazonoki kwenye uwanja wa mbio hufa zikiwa na oili ya kutosha. Ukifungua sampu unaikuta yote imo. Ila kwa sekunde mbili tatu ndani ya kona, oili ilikuwa imejikusanya upande mmoja, na mdomo wa bomba la pampu uko upande mwingine ukivuta hewa. Beringi za konrodi hazivumilii hilo.

Gari likipinda kwa nguvu ya 1 g, uso wa oili huinama nyuzi 45. Kwa tairi za kawaida, magari mengi hufika hapo kwa taabu. Ukifunga tairi za mbio yanapita, tena yanakaa hapo kona nzima. Basi siku unayonunua tairi hizo ndiyo siku ya kuanza kuwaza oili. Nasisitiza hili kwa sababu wengi hufanya kinyume: tairi leo, oili mwakani, na mwakani injini haipo.

Porsche 944 inajulikana kwa kuua beringi ya konrodi namba 2. Kwenye Toyota GR86 na Subaru BRZ za lita 2.4, madereva wameona presha ya oili ikishuka katika kona ndefu za kulia. Silinda za injini hiyo zimelala ubavu, hivyo oili inaweza kukimbilia kichwa cha upande wa nje na kukawia kurudi.

Anza na geji ya presha, na iwe ya kurekodi, maana jicho lako kwenye kona lina kazi nyingine. Taa nyekundu ya dashibodi huwaka presha ikiwa karibu imekwisha. Kanuni ya mafundi ni psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika. Unaposoma rekodi, usihangaike na sehemu iliyonyooka. Tazama katikati ya kona hadi unapotoka, na pale unapokanyaga breki kwa nguvu huku umeanza kukata usukani. Presha ikidondoka wakati mizunguko iko juu, acha kukimbiza gari hata kama jambo hilo limetokea mara moja tu.

Kila mara kabla ya kuingia uwanjani, pima oili gari likiwa mahali tambarare, na ijae hadi alama ya juu. Wapo wanaozidisha nusu lita. Mimi husita: krenki ikianza kuipiga oili, hutoka povu, na povu halilindi beringi.

Kisha funga sampu yenye kuta ndogo na vilango vinavyoruhusu oili kusogea kwenye mdomo wa bomba na kuizuia kuondoka. Kwa magari mengi hapo ndipo fedha inapofanya kazi zaidi. Accusump, silinda inayohifadhi oili kwa shinikizo la hewa na kuisukuma presha inaposhuka, inakupa sekunde chache za ziada. Sampu kavu, kama ya Corvette Z06 ya 2006, huweka oili kwenye tangi la pembeni. Ni tiba bora zaidi, lakini gharama yake inafaa zaidi gari linaloshindana kila mara.

Baada ya siku ya mbio, kata chujio la oili na ukunjue karatasi yake kwenye mwanga. Ukiona chembe za metali zinazong'aa, gari lisirudi uwanjani kabla beringi hazijafunguliwa na kukaguliwa.