SOMO: MAMA ANAYEKONDA NA HAMU YA KULA INAYOPOTEA

Leo hatutazungumza juu ya mtoto. Leo tunataka kuzungumza juu yako wewe mwenyewe.

Siku ya CPS tunaweka mtoto kwenye mizani, tunaandika kilo zake, tunamzungushia mkononi kamba ya kupimia. Kamba ikionyesha rangi nyekundu, ndiyo kusema mkono uko chini ya sentimita 11 na nusu, sisi wote tunashtuka. Lakini mama aliyemleta, ambaye kitenge chake siku hizi kinamzunguka mara mbili, hapana mtu anayemwuliza: "Na wewe mama, unakula?"

Tuulize basi.

KWANZA TUPIME MWILI

Mtu akikonda, majirani ni wepesi wa kusema: "Iko na sida," ao: "Wamemuloga." Usiwasikilize. Kuna magonjwa mengi yanayokondesha: kifua kikuu, sida, sukari, minyoo, vidonda vya tumbo. Na mimba changa inaweza kuondoa hamu ya kula. Haya yote yanapimwa, na mengi yana dawa. Mama wa kilo 60 akipoteza kilo 3 ao zaidi kwa mwezi mmoja bila kutaka, asikae nyumbani akingoja. Aje kituo cha afya.

Vipimo vikiwa vizuri na mama anaendelea kukonda, tunatafuta sababu ingine. Kuna namna tatu za kutokula, na kila moja ina msaada wake.

1. CHAKULA HAKIPO

Mama anagawanya bugali na sombe kwa watoto, sufuria inaisha, naye anasema: "Mimi nilishakula." Hajakula. Wamama wengi wa Goma wanaijua hii, zaidi wale waliokimbia vita wakaacha mashamba yao. Huyu hana ugonjwa wa hamu. Anahitaji chakula. Usione haya kumwambia muuguzi ukweli, zaidi kama uko na mimba ao unanyonyesha, maana kuna programu za chakula kwa wamama kama wewe, na hatutajua kama husemi.

2. HAMU IMEKUFA

Hapa chakula kipo, lakini mama hakitaki. Anasema: "Chakula inakuwa sawa majani mu kinywa." Anakula vijiko viwili, anaacha. Tukimwuliza kama anafurahi kukonda, anashangaa: hakutaka kukonda, ao hajali tena.

Hii mara nyingi ni alama ya huzuni kubwa ambayo waganga wanaiita depresio. Si huzuni ya siku moja. Inakaa karibu kila siku kwa majuma mawili ao zaidi, na inakuja na alama zingine:

– Hakuna kinachomfurahisha, hata mambo aliyopenda zamani.
– Usingizi unakatika saa tisa ya usiku na haurudi. Wengine wanalala mchana kutwa.
– Mwili ni mzito, kazi ndogo inamshinda.
– Anajilaumu: "Mimi ni mama mubaya."
– Mawazo hayatulii, anasahau vitu.
– Anafikiri afadhali afe.

Wengine, badala ya kukosa hamu, wanakula kupita kiasi na kunenepa. Hiyo pia inaweza kuwa depresio.

Mji wetu umebeba mengi. Moto wa Nyiragongo ulishuka Januari 2002, ukashuka tena Mei 2021. Januari 2025 vita viliingia mjini. Kuna waliozika, kuna waliopoteza nyumba, kuna waliotendewa mabaya ambayo hawajamwambia mtu. Lakini depresio inaweza kumshika hata mama aliyejifungua salama, na bwana mwema, na nyumba nzuri. Siyo uvivu, siyo laana, wala siyo kukosa imani. Ni ugonjwa, na unatibiwa.

Na mtoto anaumia pamoja naye. Mama ambaye roho yake imechoka haoni vizuri alama za njaa za mtoto, ananyonyesha kidogo, anasahau uji. Mara nyingine tunampa mtoto chakula cha dawa, anapona, nyuma ya miezi miwili anarudi amekonda tena, kwa sababu hatukumwangalia mama.

3. HAMU IPO, LAKINI MTU ANAIPIGA VITA

Ugonjwa wa tatu hatuuoni mara nyingi kwetu, na kwa hiyo tunaweza kuupita bila kuujua. Unaitwa anoreksia. Waganga wa London na Paris waliueleza mwaka 1873. Waganga wa akili wa Kenya waliandika mwaka 2004 kwamba uko hata kwao, lakini wagonjwa wanaowaona ni wachache. Unashika zaidi wasichana wa miaka ya shule, kwa hiyo fikiria binti yako.

Huyu anasikia njala, lakini anaogopa kunenepa kuliko anavyoogopa kufa. Tazama alama hizi:

– Amekonda sana, lakini anajiona mnene.
– Anafurahi kilo zikipungua, anajipima mara kwa mara.
– Anapenda kupikia wengine, yeye mwenyewe hali.
– Anakwepa kula mbele ya watu, ao anakwenda kutapika kwa siri, ao anameza dawa za kuharisha.
– Hatulii, anatembea na kufanya kazi kupita nguvu zake.
– Damu ya mwezi inaweza kukatika.

Angalia vizuri tofauti. Mwenye depresio ameachwa na hamu. Mwenye anoreksia anaikataa hamu. Wa kwanza anasema: "Siwezi kula." Wa pili anasema: "Sitaki kunenepa," ao anaficha kabisa.

Mara nyingine binti anasema anafunga kwa ajili ya maombi. Kufunga kwa maombi kuna siku yake ya kuanza na siku yake ya kumaliza. Ikiwa kufunga hakumaliziki na kilo zinashuka, mlete tumwone.

MAGONJWA HAYA YANAWEZA KUKUTANA

Mwaka 1944 na 1945 huko Marekani, wanaume 36 wenye afya walikubali kupunguziwa chakula kwa miezi 6 ili waganga wajifunze. Walianza wakiwa wazima wa akili. Nyuma ya muda wakawa na huzuni na hasira, wakawaza chakula mchana na usiku. Njaa peke yake inaweza kuleta huzuni. Kwa hiyo usijipime peke yako nyumbani. Kazi ya kutofautisha ni yetu sisi pamoja nawe.

MAMBO YA KUFANYA

1. Kula kidogo kidogo, mara tano ao sita kwa siku, hata kama hamu haijarudi: uji wa soya, maharagi, sambaza, ndizi, avoka. Usingoje hamu, mara nyingi inarudi nyuma ya chakula na matibabu.

2. Usile peke yako. Mwite dada ao jirani.

3. Usinunue vidonge vya kunenepesha sokoni. Vingine vina deksametazone, ambayo inaweza kuleta sukari, kupandisha presha na kulegeza mifupa. Mwili unavimba, ugonjwa unabaki.

4. Sema na mtu. Mwaka 2013 watafiti walichapisha kazi iliyofanywa katika vijiji vya Kongo mashariki na wanawake waliotendewa ubaya wa kimwili. Wale waliokutana kwa kikundi na kufundishwa kupima mawazo yao walipona vizuri kuliko wale waliopewa msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja, na nyuma ya miezi 6 nafuu ilikuwa ingali ipo.

5. Ukipewa dawa ya depresio, vumilia. Inachukua majuma kadhaa kufanya kazi. Usiache ghafula siku ukijisikia mzima; uliza muganga kwanza. Maombi na dawa havigombani.

6. Mtu aliyekonda sana usimshindilie chakula kingi siku moja, kinaweza kumwua. Aanze kidogo, mbele ya waganga.

KIMBIA HOSPITALI LEO KAMA

– mtu anasema anataka kufa, ao kumwua mtoto wake. Usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu ya panya nyumbani;
– amezimia, moyo unapiga polepole ao ovyo, miguu imevimba;
– anatapika kila siku;
– hanywi hata maji.

Anza na kituo cha afya cha karibu. Watakuelekeza, Goma ina kituo cha Tulizo Letu, na Bukavu iko na SOSAME, kwa magonjwa ya akili.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Ni namna gani tatu za kutokula? Taja tofauti zake.
2. Jirani yako anasema amekula, lakini hujamwona akila juma zima. Utamwambia nini?
3. Na wewe mama, leo umekula?